Singe ya Babu na Maganda ya Risasi: Mwongozo Kamili wa Vifaa vya Kijeshi vya Zamani kwa Mkazi wa Nairobi

Swali linalorudi ni lile lile: "Hiki kitu ni cha zamani, mzee alikiacha, polisi kinawahusu nini?" Na kosa linalofuata ni lile lile pia. Mtu anaifunga singe, kile kisu cha kupachikwa mdomoni mwa bunduki, kwa gazeti, anaitia mkobani na kupanda matatu kwenda mjini kumtafuta mnunuzi wa vitu vya kale. Mlangoni mwa jengo la kwanza, kifaa cha mlinzi kinalia. Kuanzia hapo hadithi ya babu haina msikilizaji. Kilichobaki ni raia aliyekutwa katikati ya jiji na silaha.

Mwongozo huu unahusu vifaa vinavyoandamana na bunduki za kijeshi za zamani: singe na ala zake, magazini (kiboksi cha risasi), bolti (kile chuma kinachosogea kufungia risasi ndani ya mtutu), darubini, mikanda, mifuko ya risasi, maganda. Kama ulicho nacho ni bunduki nzima, hata iliyoliwa na kutu, hata ile ya kienyeji iliyoundwa kwa bomba la maji na komeo la mlango enzi za Mau Mau, usiiguse. Nenda moja kwa moja hatua ya 4.

## Utakavyohitaji

- Simu yenye kamera nzuri, na mwanga wa mchana
- Rula au futi kamba
- Glavu na kitambaa kikavu cha pamba
- Daftari
- Sanduku la chuma lenye kufuli
- Kitambulisho chako, cheti cha kifo cha mwenye mali, na karatasi za mirathi kama zipo
- Ushahidi wowote wa asili ya vitu: kitabu cha utumishi wa jeshi, picha za mzee akiwa kwenye sare, barua, au stakabadhi kama ulinunua
- Pesa kidogo za hati ya kiapo

Weka mbali msasa, tupa, brashi ya waya na dawa ya kutu. Wengi huanza kwa kusugua ili kitu kipendeze, na wanachokiondoa ni alama zile zile ambazo zingewatetea. Isitoshe, chuma cha silaha chenye namba iliyofutwa humfanya afisa yeyote kuwaza ujambazi kabla ya kuwaza kumbukumbu za familia.

## Vipimo vitatu vya umri vinavyowachanganya watu

Kabla ya hatua yoyote, elewa kwamba "cha kale" hakina kipimo kimoja. Vipo vitatu, kila kimoja na kazi yake, na watu huvichanganya kama ugali na uji.

1895. Sheria ya Makumbusho ya Kitaifa na Turathi ya 2006 inahesabu kuwa kitu cha kale kile kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka huo. Kipimo hiki kinalinda turathi. Hakimpi mtu ruhusa ya kumiliki silaha.

1899. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, ya mwaka 2001, inasema silaha iliyotengenezwa baada ya mwaka huo haiwezi kuitwa ya kale kwa vyovyote. Hapo Lee-Enfield fupi, bunduki ya jeshi la Uingereza ambayo askari wengi wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la hapa kwetu) waliibeba, imeshaanguka, kwa kuwa muundo wake ulianza karne ya ishirini.

Miaka 100. Hiki ni kipimo cha forodha, chenye kazi pale mzigo unapoingia nchini tu. Tutakirudia hatua ya 7.

Kwa hiyo mtu akikuambia "hiyo ni antiki, haina shida," muulize antiki kwa kipimo gani na mbele ya ofisi gani. Mimi ningeanza kila mara na swali jingine kabisa: kitu hiki kinafanya kazi gani kwenye bunduki? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua mambo mengi kuliko umri.

## Hatua ya 1: Tenga kinachoweza kulipuka

Fungua sanduku la mzee taratibu, bila kumwaga vitu sakafuni. Watoto watoke chumbani. Asiwepo mvuta sigara.

Tafuta risasi kwanza. Ganda lililokwisha kutumika ni tupu mdomoni, na kile kitone cha kuwashia kilicho kitakoni kina shimo dogo la kugongwa. Risasi ambayo kichwa chake bado kipo na kitone hakijagongwa ni hai. Ile yenye kichwa lakini kitone kimegongwa ni hatari vilevile, maana ilikataa kuwaka siku hiyo na haina ahadi ya kuendelea kukataa. Umri hauondoi baruti.

Ukiona kitu kinachofanana na bomu la mkono, kombora, au mtungi wa chuma usiouelewa, kazi yako imekwisha. Usikisogeze, usikipige picha kwa karibu, usikitie maji. Toa watu nje, piga 999 au 112, na polisi watatuma wataalamu wao wa kutegua mabomu.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka Samburu na Laikipia, ambako mabaki ya mazoezi ya kijeshi yaliua na kulemaza wachungaji kwa miaka mingi. Mwaka 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa waathiriwa. Wengi walikuwa wameokota tu kitu walichokikuta chini.

*Dalili ya kufaulu:* unajua kwa hakika kama sanduku lina risasi hai au la, na hakuna aliyezibeba.

## Hatua ya 2: Piga picha na usome alama

Piga kila kitu kikiwa kando ya rula: mbele, nyuma, na kila mahali palipochongwa herufi au namba. Andika daftarini urefu, namba na hali yake. Picha hizi ndizo zitakazokwenda mjini badala ya vitu vyenyewe.

Sasa soma. Kosa kubwa zaidi liko kwenye singe ndefu ya Waingereza, yenye ubapa wa sentimita 43 hivi. Shingoni pana taji, herufi za mfalme na "1907." Mtu anasherehekea kwamba ameshika singe ya mwaka 1907. La. Huo ni mwaka wa muundo, na zilizochongwa namba hiyo ziliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye. Tarehe ya kiwandani iko karibu na hapo kwa udogo, mwezi na tarakimu mbili za mwaka: "5 17" ni Mei 1917. Chini yake mara nyingi kuna jina la kiwanda, kama Wilkinson au Sanderson.

Alama ya pili ya kutafuta ni mshale mfupi mpana wenye mistari mitatu inayokutana juu. Ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukikuta mshale mmoja, kitu kiliingizwa kwenye ghala la jeshi. Ukikuta miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha, maana yake kiliuzwa rasmi na kutoka jeshini. Ile ya pili ni ushahidi wa thamani kubwa, kwa sababu Kanuni ya Adhabu ya Kenya ina kosa la kukutwa na mali ya serikali bila maelezo ya kuridhisha. Ipige picha ya karibu, isomeke vizuri.

Kwenye kitako cha ganda la .303 utaona herufi za kiwanda na pengine "VII," yaani toleo la saba. Andika tu kama ulivyoona. Usibuni maana.

*Dalili ya kufaulu:* mtu ambaye hajawahi kuona vitu vyako anaweza kuvieleza kimoja kimoja kwa kutazama simu na daftari lako.

## Hatua ya 3: Gawa mafungu manne

Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama, kwa sababu wanataka jibu moja kwa sanduku zima. Sanduku moja linaweza kuwa na vitu vya sheria nne.

Fungu la kwanza: risasi na milipuko. Risasi hai hata moja inahitaji cheti. Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, haina nafasi ya "ni moja tu ya kumbukumbu," na kifungo cha kumiliki silaha au risasi bila cheti huhesabiwa kwa miaka. Hakuna cha kujadili katika fungu hili. Litaondoka.

Fungu la pili: viungo vya bunduki. Sheria hiyo inaita silaha chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kuua kwa kufyatua risasi, *au kinachoweza kurekebishwa kifanye hivyo*. Tena inavuta ndani vipande vya silaha, pamoja na kifaa chochote kilichoundwa kupunguza sauti au mwako wa mlipuko. Ile itifaki ya 2001 inasaidia kuelewa vipande vinavyolengwa: mtutu, mwili wa bunduki, bolti, silinda ya bastola, na kiwambo cha sauti.

Kwa hiyo bolti ya Lee-Enfield inayotumika nyumbani kama kizuizi cha karatasi ni kiungo cha silaha. Mtutu mtupu uliotundikwa ukutani ni kiungo cha silaha. Kwamba hauna kitako wala kifyatulio hakukusaidii. Vipi magazini, ile ya risasi 10 ya Lee-Enfield au ile iliyopinda ya bunduki ya rashasha ya Bren? Wapo watakaokubishia kwamba ni kiboksi cha bati tu. Mimi naiweka fungu hili bila mjadala: imeundwa kuilisha bunduki na haina kazi nyingine, na si busara kwenda kupimia hoja yako mbele ya hakimu.

Fungu la tatu: vyenye makali. Singe haina mtutu, hivyo si silaha ya moto. Lakini Kanuni ya Adhabu inatazama pia mahali na namna ulivyokutwa na silaha. Singe iliyofungiwa sandukuni Buruburu na singe ile ile kiunoni mwako kwenye maandamano ni mambo mawili. Usitembee nayo, usiitumie kukata majani, usimpe kijana aende kuigizia.

Fungu la nne: ngozi, turubai na shaba ndogo. Mikanda ya kubebea, mifuko ya risasi, kichupa cha mafuta, kamba ya kusafishia mtutu. Hivi kwa kawaida havina matata, *mradi uvikague ndani*. Mifuko ya risasi ina tabia ya kuhifadhi risasi. Tia kidole kila kona, hasa palipo na kibanio cha chuma cha kushika risasi tano. Maganda matupu, yakiwemo yale yaliyogeuzwa vibweta vya majivu au vasi, nayo yanakaa hapa, ila yataje yote kwenye taarifa yako. Ganda tupu halilipuki, lakini mlinzi wa getini haoni tofauti.

Sare ni habari nyingine. Koti la KAR la kutunza kabatini haliumizi mtu. Kulivaa mtaani, au kulichanganya na vazi la wanajeshi wetu wa leo, kunakupeleka kwenye Sheria ya Vikosi vya Ulinzi ya 2012.

Darubini ya kulengea nimeiacha mwisho kwa sababu inasumbua. Ikiwa peke yake ni kifaa cha macho. Ikiwa imefungwa juu ya bunduki, inaifuata bunduki. Itaje pamoja na fungu la pili, kisha uache ofisi iamue.

*Dalili ya kufaulu:* kila kitu kina fungu. Chenye shaka kiko kwenye fungu zito zaidi.

## Hatua ya 4: Nenda kituoni mikono mitupu

Nenda kituo cha polisi kilicho karibu na mahali vitu vilipo, mchana, siku ya kazi. Ukiweza, fuatana na mkubwa wa familia, au wakili kama una kitu cha fungu la kwanza au la pili. Usibebe kitu chochote isipokuwa picha na karatasi. Ukikamatwa njiani ukiwa na bolti mkobani, ni vigumu kumshawishi mtu kwamba ulikuwa unaipeleka kuisalimisha.

Omba kumwona OCS, yaani mkuu wa kituo. Ukimkosa, zungumza na afisa wa dawati kwa ufupi na kwa mpangilio:

"Habari ya kazi, afande. Marehemu babu alikuwa askari wa KAR. Juzi tukipanga vitu vyake tumepata singe, bolti ya bunduki na risasi mbili. Hatujavitoa nyumbani. Picha ni hizi, na cheti chake cha kifo ni hiki. Naomba iandikwe kwenye kitabu cha matukio, OB, halafu mtuelekeze mtavichukua namna gani."

Ataweza kukuuliza, "Mbona hukuvileta?" Jibu ni fupi: "Sikutaka kupita navyo barabarani, afande." Hakuna afisa mwenye akili timamu atakayelikasirikia jibu hilo.

Usianze kwa historia ya vita. Usiseme "ni za kale" kabla hujaulizwa. Wala usipunguze idadi ukidhani utabakiza kimoja cha kumbukumbu. Kitakachopatikana baadaye na hakipo kwenye taarifa ndicho kitakachokuangusha.

Usiondoke bila namba ya OB. Iandike mwenyewe pamoja na tarehe, saa, jina na namba ya kazi ya afisa. Wakija kuchukua vitu, omba orodha iliyotiwa sahihi. Ukiambiwa "rudi kesho," uliza kama taarifa imeshaandikwa. Kama haijaandikwa, kwa macho ya sheria hujafika.

*Dalili ya kufaulu:* una namba ya OB inayotaja vitu vyote, na vitu vya fungu la kwanza na la pili vimetoka nyumbani mikononi mwa polisi.

## Hatua ya 5: Andika asili ya vitu vilivyobaki

Kwa singe na vitu vya fungu la nne, apa hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo: vilikuwa vya nani, vimefikaje kwako, alama zake ni zipi, na namba ya OB ni ipi. Ambatanisha picha.

Kama mirathi haijafunguliwa, usiuze wala kugawa. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, inamkataza mtu asiye na mamlaka kuchezea mali ya marehemu, na ndugu aliyenyimwa singe anaweza kuwa hatari kuliko singe yenyewe.

## Hatua ya 6: Amua hatima ya fungu la pili

Una njia mbili za maana.

Ya kwanza ni kuomba cheti kwa Bodi ya Leseni za Silaha. Lazima uwe mtu anayefaa na mwenye sababu ya kutosha, na "ni ukumbusho wa babu" ni sababu nyembamba. Kwa bolti moja yenye kutu, binafsi nisingejisumbua.

Ya pili ni kusalimisha moja kwa moja. Hapa pana jambo ambalo familia hujutia: silaha zinazosalimishwa huishia kuteketezwa. Novemba 2016 serikali ilichoma bunduki 5,250 kule Ngong. Ikiwa kitu chenu kina historia ya kweli, yenye jina, picha na karatasi, iandikieni Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Museum Hill, *mapema*, na nakala ya barua mpeleke kituoni ili wajue kuna maombi. Makumbusho haitoi leseni na hailazimiki kupokea. Ikipokea, dai makubaliano ya maandishi na jina la mzee liandikwe kwenye kumbukumbu zao.

Na kwa wanaopenda kutembelea viwanja vya vita vya Taita Taveta, Salaita, Maktau na kwingineko: vilivyo ardhini viacheni ardhini. Mkiona kitu, toeni taarifa kwa Makumbusho.

## Hatua ya 7: Kama unanunua kutoka nje

Muuzaji wa mtandaoni ataandika "halihitaji leseni," na huenda asidanganye. Marekani, sheria ya taifa inahesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla. Uingereza ina msamaha kwa silaha za kale zinazotunzwa kama pambo. Misamaha hiyo inakaa huko huko. Haisafiri na kifurushi.

Huku, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaziweka silaha na risasi za Sura ya 93 ya orodha ya ushuru kwenye bidhaa zenye masharti. Sura hiyo ni pana kuliko watu wanavyodhani. Kifungu 9305 ni sehemu na vifaa vya bunduki. Kifungu 9307 kinataja singe kwa jina, *na ala zake pia*. Darubini isiyofungwa juu ya bunduki iko Sura ya 90.

Mlango mmoja upo: sura hiyo haihusu vipande vya wakusanyaji na vitu vya kale, na kifungu 9706 ni cha vitu vilivyopita miaka 100. Singe ya Mei 1917 inaweza kuingia hapo. Magazini ya Bren ya 1942 italazimika kusubiri. Hata hivyo, uainishaji wa forodha hauifuti Sura ya 114: bolti ya 1915 imepita miaka 100 na bado ni bolti.

Utaratibu ni huu:

1. Pata picha za alama za tarehe kabla ya kulipa.
2. Mpe wakala wa forodha aliyesajiliwa picha hizo, naye aulize KRA, mamlaka ya ushuru, kwa maandishi.
3. Kwa kiungo chochote cha bunduki, pata kwanza jibu la Bodi ya Leseni za Silaha. Bila jibu, usiagize.
4. Muuzaji aandike kitu kwa jina lake halisi. "Vipuri vya gari" kwenye karatasi ya singe hugeuza ununuzi kuwa magendo.

*Dalili ya kufaulu:* mzigo haujaondoka kwa muuzaji na tayari una barua mkononi.

## Hatua ya 8: Kutunza na kusafirisha

Sanduku la chuma, kufuli, ufunguo kwa mtu mmoja. Ndani weka nakala ya hati ya kiapo na namba ya OB. Usiweke picha za singe mtandaoni zikiwa na mtaa wako nyuma yake.

Ukihama nyumba, singe isafiri kwenye buti ya gari, ndani ya sanduku lililofungwa, karatasi zikiwa nawe mbele. Basi na matatu hapana. Kwa ndege, mkoba wa mkononi hauruhusiwi kabisa kuwa na singe, na hata ganda tupu litakuondoa kwenye foleni. Ukitaka kumpelekea ndugu aliye ughaibuni kitu cha kabla ya 1895, omba kwanza kibali cha kutoa turathi nchini kupitia Makumbusho, kisha umwambie naye aulize forodha ya kwake kabla hujafunga mzigo.